Dosari za Mzee wa Sawa

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: mwenye kazi safi wiki hii atakuwa mkuu wa kitengo, na mkuu ataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Nyumbani! Kwa mwanangu anayeota meno! Tunaogombea ni wawili: mimi na kijana tunayemwita Mzee wa Sawa, maana umwambie lolote hujibu sawa. Anaunda programu inayosoma msimbo wa kompyuta na kuutungia mwongozo wa watumiaji. Mkaguzi wake nani? Mimi. Mungu si Athumani.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwandikia dosari nyingi kuliko mistari yenyewe. Majina aliyotumia ni marefu. Mengine mafupi. Eti kitufe cha kufuta, mwongozo unasema “hufuta”. Nikamuuliza, hufuta nini, na nikijuta je? Atasusa tu, ukuu uwe wangu. Mtoto kanitapikia blauzi. Nimejitanda mtandio, nikaenda hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Hakususa! Kajibu: sawa, dada. Karekebisha yote. Sasa mwongozo unaonya kwamba kilichofutwa hakirudi, fikiri kwanza. Nimemrudishia. Nimemwambia mwongozo unaongea kama karani mwenye njaa. Uongee kama mtu anayemwelekeza mama yake. Sawa, dada.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamweleza mpango. Akasema, mwanangu, ukimwosha mwenzio uso usilalamike akipendeza. Wazee bwana! Kompyuta wataijulia wapi? Nimemwomba amshike mtoto, nimalizie dosari.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kausoma mwongozo mbele ya wote. Kakiri kwamba leo ndiyo kaelewa kampuni yake inauza nini. Ukuu kapewa Mzee wa Sawa. Mimi nimepigiwa makofi kwa kumlea. Kumlea! Kama sina wangu! Kaja kunishukuru, machozi yanamlengalenga. Nikamwambia aache kulia na aende akale, kakonda.
Nimefika nyumbani, jino limetoka. Kaliona bibi yake kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Bosi kapiga simu. Mkuu anahitaji naibu, naye atafanyia kazi nyumbani. Ni mimi au yule binti mgeni kazini, anayekaa dirishani, mbishi asiyekubali kosa hata umshikishe mkononi. Nimeomba nikague kazi yake. Mtoto kifuani, kompyuta gotini, dosari zinamiminika. Mbinu ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Nilikosea mtu tu.