Gari la Agnetha na Ufunguo wa Pili

Jumatatu, 3 Novemba

Gari limefunguka lenyewe tena. Leo nimeliona kwa macho yangu. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Ukungu umekaa juu ya migomba, hakuna mtu, hakuna hata kuku. Tak! Milango ikafunguka. Vioo vya pembeni vikakunjuka taratibu, kama masikio ya ng'ombe aliyesikia hatua. Taa zikawaka mara mbili. Kisha siti ya dereva ikaanza kwenda mbele, peke yake, mpaka karibu na usukani. Ikasimama.

Rimoti yangu ilikuwa mfukoni mwa koti. Koti lilikuwa ndani, msumarini.

Hitilafu. Bila shaka ni hitilafu.

Nikaingia kuirudisha siti nyuma. Ikarudi nyuma. Nikashukuru. Ikaja mbele tena na mimi juu yake! Magoti yamefika kidevuni. Nimetokea mlango wa abiria, kwa mikono.

Marehemu mke wangu Agnetha alikuwa mfupi. Siti yake ilikaa mbele hivyo hivyo. Jumapili alikuwa akiingia garini kwanza na kuniwashia taa mara mbili ili niharakishe, nami ndani natafuta kofia. Tangu mwezi wa saba amelala kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Gari tulilisogeza huko nyuma ili turubai la msiba lipate nafasi. Turubai lilishaondoka. Gari sijalirudisha.

Mchana, simu. Mwijage, kaka yake Agnetha, yuko Muleba. Akauliza, shemeji, gari linatembea? Nikasema linatembea sana. Akasema basi anakuja Jumamosi kuliona likitembea. Ndugu zake walisema siku ya kuanua matanga: gari dada yao alilinunua kwa kazi yake ya keki, mtoto hatukujaliwa, basi nikiliendesha ni langu, likilala tu lirudi kwao. Mwijage anataka kubebea mikungu ya ndizi. Mikungu! Juu ya siti za Agnetha!

Mpango: nilitengeneze mwenyewe kabla ya Jumamosi. Agnetha alikuwa akisema, Rugaibula, usifungue kitu kinachofanya kazi. Alisema hivyo kuhusu redio, pasi na cherehani. Lakini gari hili linafanya kazi kupita kiasi. Ni jambo tofauti.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeanza na betri ya rimoti. Ni ile ndogo ya duara, kama kifungo cha shati. Dukani hapa Izigo hawana. Nikaikumbuka mizani ya jikoni ya Agnetha, ya kupimia unga wa keki. Betri yake ni saizi ile ile. Mizani ilizimika mwezi wa sita, siku ya keki ya harusi ya mwisho, kreti za mayai ziko mezani. Agnetha akasonya, akatoka, akarudi na betri. Sikumuuliza ameipata wapi. Alivyopima unga siku ile! Ulimi nje kidogo, kama mtoto anayeandika.

Nimeitoa. Nimeiweka kwenye rimoti yangu. Nimejisikia fundi.

Tak! Gari likafunguka hata kabla sijafika.

Hatua ya pili. Nilisikia kwamba rimoti ikifungwa kwenye karatasi ya foili ya kuokea, gari haliioni. Agnetha aliacha bunda zima. Nikaifunga vizuri kama samaki, nikaitia kwenye sufuria, nikafunika, juu nikaweka jiwe. Nikakaa kwenye kigoda nikilitazama gari.

Verdiana, jirani yangu, akapita na mtego wake wa senene begani. Akasema, "Waitu, Rugaibula! Unapika nini hicho kisicho na moto wala harufu?"

Nikasema ufunguo.

Akasema ukiiva nimwite.

Ndipo gari likafunguka. Tuliliona wote wawili. Vioo, taa, siti. Migomba ikanyamaza. Hakukuwa na upepo, lakini jani moja karibu na kaburi liliinama, likarudi juu. Verdiana akanitazama, akaitazama sufuria. Jiwe lilikuwa pale pale juu yake.

Verdiana hakuaga. Mtego ameuacha kwangu.

Hitilafu si rimoti yangu, basi. Hilo ni jambo la kutia moyo. Najaribu kutiwa moyo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwita fundi. Twaibu, wa Bukoba mjini, maarufu kwa umeme wa magari. Amefika na mashine ya kupimia yenye kioo. Kwanza akasema tatizo ni taa za Verdiana za kunasia senene usiku, zinavuruga mawimbi. Nikamwambia Verdiana haziwashi mchana. Akasema mawimbi hubaki. Sikubishana, ana mashine.

Akaichomeka. Akaitazama. Akaipigapiga, akaitazama tena.

Akasema mashine inasema kuna ufunguo wa pili karibu. Si huu wa kwenye sufuria. Akanieleza kwamba gari la aina hii linamjua mwenye ufunguo. Akisogea tu, linafungua, na siti inakwenda mahali alipozoea kukaa.

Ufunguo wa pili ulikuwa wa Agnetha. Aliufunga kitambaa chekundu, kipande cha gauni lake la kwaya. Tangu msiba hatujauona.

Twaibu akageuza macho polepole. Akaliona kaburi kati ya migomba. Akauliza ni la nani. Nikamwambia. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, mlimzika na mkoba wake?"

Nikasema hapana. Mkoba uko chumbani, umetundikwa. Nimeshaupekua. Kuna leso, tembe za kifua na peremende.

Gari likafanya tak.

Twaibu akakusanya vyombo vyake. Akasema amekumbuka anawahi sala ya alasiri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Amesahau waya wa mashine yake ukining'inia chini ya usukani. Nimempigia simu. Akasema nibaki nao tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo majaribio. Nimelipeleka gari mbele ya nyumba, nimejikunja, sikio langu liko kwenye honi. Nikalizima pale karibu na barabara. Kimya. Nimeirudisha siti nyuma, ikatulia. Nimekaa nikanyoosha miguu. Gari zuri, kubwa, la kawaida. Ningeweza kulipeleka kanisani Jumapili na mambo yakaishia hapo.

Nikalirudisha kibanjani.

Kabla sijazima injini, siti imekuja mbele. Redio imejiwasha kwenye stesheni yake, kwaya inaimba kwa mbali, maneno hayasikiki. Ndani kukanukia vanila. Nimekaa hivyo hivyo, magoti kifuani. Nikamwambia Agnetha kwamba paka amezaa kwenye kapu la sufi. Nikamwambia mgomba wa pembeni umeanguka kwa mkungu wake. Nikamwambia Mwijage anataka kubebea ndizi.

Kwaya ikakatika katikati. Ikaanza tena.

Halafu nikapata mpango. Mpango mkubwa! Silitengenezi tena. Mwijage tangu utoto anaogopa vitu. Agnetha aliniambia alikuwa akikimbia hata kivuli cha mbuzi. Jumamosi nitamkalisha kwenye siti hii, niondoke kidogo. Atarudi Muleba kwa miguu, na neno gari halitasemwa tena katika ukoo wao.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Nimefagia gari. Kwenye siti ya dereva kulikuwa na bonde dogo, kama mtu mwepesi amekaa na kuondoka sasa hivi. Nimelipigapiga likae sawa. Baada ya chai lilikuwepo tena.

Ni vizuri. Mwijage ataliona.

Mimi nimeliona mara nne. Sikuogopa. Miguu ilikuwa baridi kwa sababu ya mvua.

Jumamosi, 8 Novemba

Mwijage amekuja. Ameongezeka mwili tangu msiba. Alipita kaburini kwanza, akang'oa jani moja la magugu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kisha akasema, "Haya shemeji, tulione hilo linalotembea sana."

Nilikuwa nimeisukuma siti nyuma kabisa, nimeizuia kwa tofali. Akakaa. Nikaliondoa tofali kwa mguu, nikasema naenda kuchukua maji. Nikajificha nyuma ya mgomba.

Tak! Milango ikajifunga. Tak! Ikafunguka. Siti ikaanza safari.

Mwijage akasema ehe. Kisha akasema ebo. Kisha tumbo likafika kwenye usukani na honi ikalia, haikunyamaza. Kunguru wote wakaruka. Katikati ya honi ile nikamsikia anaita mama yake, aliyefariki zamani, kisha mimi, kisha Agnetha.

Mpango ulikuwa unakwenda vizuri mno.

Halafu siti ikarudi nyuma kidogo. Kama mtu aliyetambua amekaliwa na nani. Honi ikanyamaza. Redio ikajiwasha. Nikasubiri atoke mbio.

Hakutoka.

Nilipochungulia alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye usukani, machozi yanashuka. Akasema bila kunitazama, "Ni yeye. Hivi ndivyo alivyokuwa akinisukuma kitandani tukiwa watoto. Kidogo kidogo mpaka nianguke." Akacheka, akalia. Akasema tangu mwezi wa saba hajamuota hata mara moja.

Nikamletea maji kweli.

Akashuka, akajifuta kwa shati. Akasema hataki tena kubebea ndizi. Ni aibu. Nikafurahi. Akasema Jumatatu anakuja kulichukua akalitunze uani kwake, chini ya paa, maana sasa ameelewa dada yake yumo ndani.

Nimefukuza mtu aliyetaka gari. Nimeleta mtu anayemtaka Agnetha. Huyu ni mbaya zaidi.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Sikupata kofia.

Nimekwenda kaburini kupanga matandazo, mvua ya Ijumaa iliyasogeza. Ni zile nyasi za msiba. Tulizitandaza sebuleni, waombolezaji wakazilalia, na siku ya mwisho wanawake wakazikusanya zote na kuzimwaga kwenye migomba, kama ilivyo desturi. Sasa zimeoza nusu, nyeusi, zinanuka udongo.

Nikaona kitu chekundu. Kitambaa cha kwaya.

Ufunguo wa pili!

Nimekumbuka. Mashangazi walifanya mkoba wa Agnetha kuwa mto wa kulalia. Ufunguo ulitoka humo, ukazama kwenye nyasi, nyasi zikaletwa hapa. Ulikuwa hapa siku zote, karibu na tairi la gari, chini ya mvua na jua. Hakuna mzimu. Hakuna hata hitilafu! Gari lilikuwa linafanya kazi yake.

Nimecheka peke yangu. Nilipoacha kucheka kibanja kilikuwa kimya sana.

Mpango wa mwisho, na huu ni safi. Mwijage achukue gari kesho. Ufunguo ubaki kwangu. Atakuwa na bati na matairi. Atalirudisha mwenyewe.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwijage amefika mapema, amevaa suti. Nikampa rimoti yangu, nikamtakia safari njema. Ufunguo wa Agnetha nimeufumbata mfukoni. Wameondoka taratibu, yeye anaongea na siti ya pembeni.

Nilisimama kibanjani. Mahali pa gari palikuwa na nyasi za njano, umbo la gari. Sikujua nitajisikia vile. Nilitaka kukimbia barabarani na ufunguo mkononi nipige kelele, mrudishe, au chukua na huu, umchukue mzima. Miguu haikwenda.

Chai haijapoa, amerudi. Ameliingiza polepole mpaka mahali pake. Uso umekunjamana. Akasema, "Shemeji, hayumo. Tulipopita sokoni tu, hayumo. Nimemwita." Alipozima injini, siti ikamsukuma mbele, na redio ikaimba. Mwijage akafumba macho. 

Akanirudishia rimoti. Akasema gari lisitoke hapa, ndugu zao atawaeleza yeye. Ila atakuwa anakuja Jumamosi kukaa kidogo, kama sitajali. Nikasema aje na mke wake, nitapika. Tukashikana mikono mpaka ikachoka. Nimeshinda!

Jioni hii nimeketi mezani nisafishe ufunguo wa Agnetha. Nimeufungua. Ndani kuna udongo na mdudu mfu. Betri hakuna. Nafasi yake tupu, kutu imeota pale inapokaa.

Mezani ipo mizani ya keki. Nimeitazama, nikaitazama nafasi ile tupu. Sasa najua Agnetha aliipata wapi betri siku ya keki ya mwisho. Ufunguo huu haujawa na betri tangu mwezi wa sita, yeye akiwa hai.

Nimekaa kwanza. Nje giza linaanza kushika migomba.

Basi, hapo ndipo tatizo lilipo! Ufunguo hauna betri. Ndiyo maana gari linafunguka ovyo ovyo bila mpangilio. Nitoe betri kwenye rimoti yangu, niiweke humu, nipige msasa ile kutu, na nikiwa hapo hapo nifungue ule mfuniko wa chini ya usukani nione nyaya zimekaaje. Kazi ya dakika chache. Litafanya kazi vizuri zaidi.

Taa zimewaka mara mbili ukutani kwangu.

Nakuja, mke wangu. Natafuta bisibisi.