Kuhusu Babu Yangu na Kiti cha Mfalme cha Jumba la Mallowby

Nyumba Namba 6, Chapel Row,
Nether Coombe,
Devon.
Septemba, mwishoni.

Kwa Mheshimiwa Bibi Araminta Fanshawe,
Mwenye Jumba la Mallowby.

Mheshimiwa Bibi Fanshawe,

YAH: KUFUKUZWA KWA BABU YANGU KWA KOSA LA KUKAA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mbwa wako wote, na kwamba paa la upande wa mashariki limeacha kuvuja, maana mara ya mwisho nilipofika kwako mabeseni yalikuwa yametandazwa ngazini mpaka mtu anapanda kwa kuruka.

Mimi ni Dexter Mudge, mjukuu wa Bwana Wilfred Mudge, dereva mstaafu wa basi la shule. Huenda unanijua kwa sura: mimi ndiye yule kijana mrefu mwenye nywele nzuri anayeosha magari kwenye kituo cha mafuta, barabara kuu. Shule nilisoma mpaka nilipoona inatosha. Walimu nao waliona hivyo hivyo, tena mapema kuliko mimi. Lakini kuandika najua. Mama husema, "Dex, ungekuwa unaosha vyombo kama unavyopanga maneno, tungekula kwenye sahani safi." Kwa hiyo soma taratibu, Bibi. Hoja zangu zimeshikana. Ukivuta moja zinakuja zote.

Kwanza nikukumbushe kisa chenyewe. Kila Jumapili baada ya nyama ya kuoka, Babu huvaa tai, huchukua kadi yake ya uanachama na kuja Mallowby. Vyumba ni vile vile, picha ni zile zile, na yeye ni yule yule. Alianza kuja na marehemu Bibi yangu, Enid, ambaye alipenda dari ya Ukumbi wa Picha kuliko alivyotupenda baadhi yetu. Bibi Enid alipofariki, Babu aliendelea kuja peke yake, anaitazama ile dari, anakunywa chai, anarudi.

Sasa mwezi uliopita alifika ukumbini miguu ikiwa inamuuma. Akaona kiti. Juu ya kiti palikuwa na kichwa kikavu cha mbigili, kimejaa miiba. Babu akakiokota, akakiweka dirishani kwa heshima zote, akakaa. Kumbe ndicho kile kiti mnachosema mfalme fulani alikikalia usiku kucha akiwa anakimbia maadui. (Mfalme huyo, nisikiavyo, amelala katika kila jumba la wilaya hii. Sijui alikuwa anakimbia au anakagua magodoro.) Kwa kukaa huko, Babu yangu amefukuzwa. Ndiyo maana nalalamika kama ifuatavyo.

LALAMIKO LA KWANZA. Mwiba si lugha. Najua, Bibi, sisi Waingereza ndivyo tulivyo. Mtu akitukanyaga mguu, tunamwomba radhi sisi. Jirani yetu Bwana Petherick anaitwa Barry, lakini siku ya kwanza kazini bosi alimwita Brian, akaona aibu kumsahihisha. Leo hata mkewe anamwita Brian. Kwa hiyo naelewa kwa nini hamkuweka kibao cha "Usikae Hapa". Mngeonekana wakali. Badala yake mkaweka mbigili, mkakunja mikono, mkategemea kila makalio nchini yatajua maana yake.

Babu hakujua. Hapo ndipo nguzo ya barua hii iliposimama, naomba uipigie mstari. Babu ni mtu wa basi. Mimea haijui kabisa. Ukimwekea waridi na kabichi atakuuliza kipi kinachemshwa. Alidhani ni takataka iliyopeperushwa na upepo, akawasaidia usafi. Na mtu asiyejua hana kosa, hilo hata mahakamani wanalikubali, nimeona kwenye televisheni.

LALAMIKO LA PILI linamhusu Bi Beryl Luscombe, yule mlinzi wenu wa kujitolea anayevaa miwani ya kamba. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimefuata skonzi za bure, yaani za Babu. Niliona kila kitu. Bi Beryl alipomkuta Babu kitini aliganda kama mtu aliyeona farasi jikoni. Halafu akakohoa.

Babu akamwambia, "Pole, Bi Beryl. Ni baridi ya humu ndani."

"Bwana Mudge," akasema, "kiti hicho ni cha zamani sana."

"Hata mimi. Ndiyo maana tumeelewana."

"Hakijakaliwa na mtu kwa zaidi ya miaka mia tatu."

"Maskini! Kwa hiyo kilikuwa kinanisubiri."

Bi Beryl akazunguka, akakohoa kwa upande wa pili. "Watu wengi husema mandhari ya bustani huonekana vizuri zaidi mtu akiwa amesimama."

"Mimi nayaona hivi hivi, ahsante. Lile ua jeupe ni zuri."

Ikabidi amwite mlinzi wa chumba cha pili, wakawa wanakohoa wote wawili, kama kwaya inajaribu sauti. Wakaingia wageni kutoka Leeds, bwana na bibi, wakadhani Babu ni sehemu ya maonyesho, wakampiga picha. Yule bwana akauliza, "Samahani mzee, wewe ndiye mwenye nyumba?" Babu akajibu, "Leo, ndiyo."

Bibi Fanshawe, neno "inuka" lina silabi tatu tu. Halikutamkwa na mtu yeyote mpaka Babu alipoinuka mwenyewe kwenda kunywa chai. Sasa kosa ni la nani?

LALAMIKO LA TATU. Barua ya meneja wako, Bwana Crispin Yeo. Nimeisoma mara nyingi na bado sijaona pahali palipoandikwa "umefukuzwa". Imeandikwa kwamba jumba linathamini sana mapenzi ya Babu, kwamba lingefurahi mno kama angefikiria kuyapumzisha kidogo matembezi yake, na kwamba yapo majumba mengine mazuri sana katika jimba letu. Samahani, jimbo letu, kalamu imeteleza. Babu akaibandika kwenye friji. Akasema, "Umeona, Dex? Wananijali. Wanataka nipumzike." Jumapili iliyofuata akaenda kuwashukuru, akazuiwa langoni na binti wa tiketi ambaye aliomba radhi mpaka machozi yakamtoka, na Babu akampa leso yake. Amerudi bila leso na bila kuingia.

LALAMIKO LA NNE lilihusu mkahawa wenu kupaka skonzi jemu kwanza na krimu juu, kama watu wa Cornwall, hali sisi tuko Devon, ambako krimu ndiyo hutangulia. Mama amelisoma akaniambia nilifute, kwa sababu nilikuwa nimetumia maneno ambayo mtu hamwandikii mwenye jumba. Nimelifuta. Lakini ujue lilikuwapo, na lilikuwa refu.

LALAMIKO LA TANO. Juu ya kiti hicho hicho imetundikwa picha ya babu yako wa kale, Sir Hugo, mwenye tumbo. Ametulia kwenye kiti gani? Nenda ukatazame. Amekaa kwenye kile kile, tena na buti zenye matope, tena na mbwa mapajani, tena ameshika paja la kuku. Hakuna mbigili. Hakuna aliyemkoholea. Hakuna aliyemshauri ajaribu majumba mengine. Kama kukikalia kiti hicho ni kosa, mbona ushahidi mmeutundika ukutani kwa fremu ya dhahabu na mnatuuzia tiketi tuje kuuona? Hapa nilipumzika kidogo kuandika, nikajipongeza.

LALAMIKO LA SITA nalileta kwa heshima, na nakuomba ukae kwanza (wewe unaruhusiwa). Itazame pua ya Sir Hugo. Imepinda kidogo kushoto, halafu kwenye ncha inabadili mawazo. Sasa mtazame Babu. Halafu, ukipata nafasi, pita kituo cha mafuta unitazame mimi, hasa kwa ubavu, maana ubavu ndio wangu mzuri. Mama wa bibi yake Babu alikuwa mfanyakazi wa jikoni hapo Mallowby, akaondoka ghafla, akaolewa haraka. Sisemi kitu. Nasema pua. Lakini kama pua ni ushahidi, basi Babu hakukalia kiti cha watu. Alikalia kiti cha nyumbani. Na kama ni hivyo, Bwana Crispin amemfukuza mtu wa ukoo, na wewe na mimi tunapaswa kuanza kutumiana kadi za Krismasi.

LALAMIKO LA SABA ndilo linaloniuma mimi binafsi. Tangu afukuzwe, Babu yuko nyumbani Jumapili nzima, na ameigeuza nyumba yetu Mallowby. Anasimama mlangoni mwa sebule mikono nyuma. Bwana Petherick alikuja kuazima ngazi, akaelezwa historia ya zulia. Rafiki yangu Tamsin, ambaye nilikuwa nimechukua miezi kumshawishi aje kwetu, alielekezwa aanzie jikoni, afuate mshale, asiguse mapazia. "Na huyu," Babu akamwambia akininyooshea kidole, "ni wa kipindi cha mwisho cha familia, wakati mambo yalipoanza kuharibika." Tamsin alicheka njia nzima mpaka kwao. Hajarudi.

Hayo ningeyavumilia, mimi ni mtu wa moyo. Lakini kuna jingine. Jumapili Babu bado anavaa tai. Anamaliza kula, anasimama, anaifikia kadi kwenye kulabu, halafu anakumbuka. Anabaki pale kwenye korido kidogo, anatazama dari. Dari yetu haina malaika wala matunda ya plasta, Bibi. Ina doa la maji kutoka bafuni. Mama akimuona hivyo hugeuka akawasha redio kwa sauti.

Kwa sababu hizo zote, naomba rasmi yafuatayo. Babu aruhusiwe kurudi Jumapili hii. Pili, kwa kuwa wageni wa Leeds walimpiga picha yeye na si kiti kitupu, ni dhahiri kwamba kiti kikiwa na mtu kinavutia zaidi. Kwa hiyo akaliwe, yaani akalie, kila Jumapili, kwa kamba nyekundu mbele yake, na kitabu chenu cha mwongozo kimtaje katika ukurasa mzuri. Hatahitaji mshahara. Atahitaji mto na skonzi. Tatu, siku atakapokuwa na mafua, nitakaa mimi. Kuhusu buti zenye matope na paja la kuku, ninavyo vyote.

Usipokubali, nitalazimika kumwandikia mhariri wa gazeti la wilaya, na nakuonya kwamba kwake sitakuwa mpole hivi.

Nisalimie mbwa, hasa yule mzee asiyenusa tena. Nisalimie binti wa tiketi, mwambie leso abaki nayo. Msalimie Bi Beryl na umpe dawa ya kikohozi. Msalimie tausi, ingawa alinifukuza hadi maegesho. Bwana Crispin naye salamu zake zipo, lakini angefikiria kuzipumzisha kidogo kabla ya kuzipokea.

Ni mimi kwa unyenyekevu wote niliobaki nao,
Dexter W. Mudge
(pengine binamu yako)

N.B. Mheshimiwa Bibi, nilitoka kidogo kutafuta stempu, nikaiacha barua mezani, na Babu ameisoma yote. Amecheka mpaka Mama akamletea maji. Halafu akaniuliza, "Dex, nani kakudanganya sijui mbigili?"

Akanipeleka kwenye kishamba anachokodi nyuma ya kanisa. Mimi sijawahi kukanyaga huko. Siku zote nilidhani anakwenda kusikiliza kriketi redioni na kukimbia kuosha vyombo. Bibi Fanshawe, kishamba kizima ni mbigili. Zimesimama kunipita. Kumbe aliyezipanda ni Bibi Enid, na kila vuli Babu anazikata, anazikausha kibandani, anampelekea Bi Beryl kwa mlango wa nyuma. Kila kiti cha Mallowby ambacho mtu hakukikalia, hakukikalia kwa sababu ya Babu yangu. Ndiyo maana Bi Beryl aliganda. Alikuwa anamwona mwenye miiba ameketi.

Nikamwambia, "Sasa Babu, kwa nini ulikaa?"

Akasema Enid alikuwa anaitazama ile dari amesimama, shingo inamuuma, kila Jumapili anasema hapo kwenye kiti ndipo ingeonekana yote. Na kila Jumapili yeye alimwambia, "Usithubutu, mke wangu, utatuaibisha." Basi akataka kuona kama ni kweli.

Ni kweli, anasema. Inaonekana yote.

Kwa hiyo nguzo ile niliyokuomba uipigie mstari, uifute. Babu alijua vizuri kabisa. Anasema hajutii, na kiti kina mgongo mbaya. Ila ameniomba nikuulize jambo moja, kwa adabu: zile mbigili za mwaka jana zimeanza kumong'onyoka, na za mwaka huu zimeshakauka. Alete mwenyewe Jumapili, au mmeamua kuanza kuwaambia watu kwa mdomo?