Futi Tatu za Baba

Jumapili, 5 Mei

Mkutano wa klabu yetu ya kuteleza mawimbini umekwisha. Nimeshinda! Bado hawajanitangaza, lakini nani mwingine?

Mambo yenyewe ni haya. Kwa miaka thelathini na saba baba aliandika kwa chaki, kila asubuhi, kwenye ubao mweusi nje ya karakana ya Fundi Gundi: mawimbi ya leo futi ngapi, sekunde ngapi kati ya wimbi na wimbi, upepo unatoka wapi, maji yanakupwa saa ngapi. Watu wa bodi, zile mbao za kutelezea juu ya mawimbi, walisoma ubao ndipo wakaamua kuingia baharini kuteleza au kurudi kulala. Tangu afariki, mwaka sasa, ubao umeegemea ukuta ndani ya karakana. Hakuna aliyeufuta. Hati yake bado ipo: "Futi 2. Sekunde 9. Upepo mwanana. Twendeni."

Fundi Gundi, mwenyekiti wetu (anaziba bodi zilizopasuka, na ananukia gundi hata akitoka kuoga), amesema imetosha, ubao urudi nje. Jumamosi ni mashindano ya kumkumbuka baba. Atakayetabiri mawimbi ya siku hiyo kwa usahihi ndiye atapewa chaki. Bahasha zifike Alhamisi kabla ya adhuhuri.

Tumejitokeza wawili. Mimi, mtoto wa kwanza, mkaguzi wa mizani na vipimo, mtu ambaye wauza sukari wakimwona kwa mbali wanaanza kupangusa mizani zao. Na mdogo wangu wa kike, mwokoaji wa ufukweni, ambaye huenda pekupeku hadi benki.

Nisidanganye humu. Sitaki chaki tu. Atakayeshika chaki ndiye atakayefuta hati ya baba. Sitaki uwe mkono wa mtu mwingine.

Jumatatu, 6 Mei

Mpango wa kwanza: madaftari. Baba aliacha kumi na manne, yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Nimewahi asubuhi, mdogo wangu akiwa zamu. Nilimwambia mama nimekuja kukagua kitanda kama kina mchwa. Kitanda ni cha chuma. Mama akanitazama, akasema sanduku liko upande wa ukutani na nisilivute kwa pupa.

Nimesoma mpaka chai ikapoa mara mbili. Kurasa zinanukia mshumaa, maana alikuwa akisugua bodi yake kwa mshumaa ili miguu isiteleze, kisha anashika kalamu kwa mikono ileile. Kila siku mstari mmoja. Nimeunakili huu: "Boya mita 1.5, sekunde 13, kutoka kusini. Fungu la mchanga limekaa vizuri mbele ya vyoo. Futi 3. Mlinzi kalala juu ya viatu."

Mlinzi ni mimi. Mdogo wangu aliingizwa majini akiwa na miaka mitano, baba akamwita Nahodha. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaogopa. Nikapewa kazi ya kukaa mchangani kulinda kandambili za baba na taulo lake. Mlinzi wa Kandambili. Niliifanya kazi ile kwa moyo wote, na katika utawala wangu haikupotea kandambili hata moja. Nilimtazama baba akipiga makasia kwa mikono mpaka akawa nukta nyuma ya mawimbi. Kisha nikahesabu mpaka arudi.

Lakini futi tatu! Hizo ndizo nilizoziogopa? Nimepima kwa rula ya ofisi. Zinanifika kiunoni. Miaka yote hii nimekuwa na aibu, na sikujua aibu yenyewe ni fupi namna hii.

Jumanne, 7 Mei

Upelelezi. Nilijificha nyuma ya vyoo na darubini, nikimtazama mdogo wangu kwenye mnara wake. Asubuhi nzima kafanya nini? Kaangalia simu. Kaingia majini, kasimama, kapapasa chini kwa miguu kama mtu aliyepoteza hereni. Katoka. Kala ndizi. Huo ndio utaalamu!

Saa nne akanipungia mkono. Akasema kwa sauti ya watu wote wasikie kwamba darubini inaakisi jua, na kama nimechoka kusimama niende nikakae kivulini kwake.

Nikaenda, kwa sababu za kipelelezi. Nikamwuliza kwa werevu mkubwa anaonaje Jumamosi. Akaniambia bila kuficha! Fungu la mchanga limesogea hatua ishirini na sasa limekaa kama lilivyokaa tulipokuwa wadogo. Kusini kuna dhoruba. Namba za boya, lile la kupimia mawimbi baharini, zikija kama anavyotarajia, ataandika futi sita.

Futi sita! Nilicheka hadi nikashika ngazi. Akaniuliza, polepole, kama nimesoma madaftari ya baba. Nikasema madaftari gani. Akaniuliza tena: "Kaka, baba alikuwa anakaa wapi akihesabu futi?" Nikamjibu majini, mahali pake pa kila siku, swali gani hilo. Akanitazama kidogo, akafungua mdomo, kisha mtu mmoja akapiga kelele amekanyaga kitu na yeye akaondoka mbio.

Anataka kunivuruga. Nimemstukia.

Jumatano, 8 Mei

Leo nimeomba ruhusa kazini, nimesema nina jambo la kifamilia. Si uongo.

Nilichukua fimbo ya kupimia ya ofisi, ile yenye mhuri, rangi nyekundu na nyeupe, nikaisimika majini yanaponifika magotini ili nipime wimbi kisayansi. Wimbi la kwanza: futi sifuri nukta tisa. Wimbi la pili halikupimika kwa sababu liliondoka na fimbo. Nimeiona mara ya mwisho ikielekea upeo wa macho, imesimama wima, inapima bahari nzima peke yake. Itabidi nijaze fomu. Kwenye fomu kuna sehemu inauliza kifaa kilipotelea wapi na nafasi iliyoachwa ni ndogo sana.

Sekunde nimezihesabu kwa saa ya mama ya jikoni, ile ya umbo la kuku. Inalia kila ikifika muda uliowekewa. Watu wawili walitoka majini wakidhani ni king'ora.

Jioni nilipita karakana. Fundi Gundi alikuwa anapiga msasa. Nikasimama mbele ya ubao. Baba aliandika "Twendeni" herufi ya mwisho ikishuka chini, kwa kuwa daima alikuwa ameshaanza kuondoka. Nilimkumbuka ghafla, kwa nguvu, nikasema vumbi la msasa linaingia machoni. Fundi Gundi akazima mashine.

Alhamisi, 9 Mei

Boya limesema! Ni lile la mbali kabisa kusini. Mawimbi yakipita pale leo, hapa yanafika keshokutwa. Ofisi ya bandari imebandika namba saa mbili asubuhi: mita 1.5, sekunde 13, kutoka kusini.

Ni ule mstari! Namba zilezile, na mchanga umekaa vilevile. Mdogo wangu mwenyewe kakiri. Na baba aliandika nini siku ile? Futi 3. Mwisho wa ubishi. Mtoto anayepingana na hati ya baba yake akatafute ukoo mwingine.

Nimeandika "FUTI TATU", nikafunga bahasha kwa lakiri ya ofisi. Nilipoikabidhi, mdogo wangu alikuwa pale na karatasi yake imekunjwa mara moja tu, haina hata bahasha. Nikaona nimmalize kabisa. Nikatangaza mbele ya kamati kwamba najiandikisha kushindana mwenyewe, kundi la wenye miaka arobaini na kuendelea, kwa bodi ya baba.

Fundi Gundi akakohoa. Akauliza kama najua kuogelea. Nikasema naelea. Mdogo wangu akanivuta pembeni, akasema nisifanye hivyo, kuna kitu lazima nielewe kuhusu futi za baba. Nikamwambia futi ni futi, nina shahada ya vipimo ukutani. Akasema basi nivae fulana ya kuelea. Huyu kweli ana hofu ya kushindwa.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi. Bodi ya baba juu ya kitanda, mimi juu ya bodi, mama mlangoni. Nililala kifudifudi, nikapiga makasia, nikaruka kusimama kama nilivyomwona baba akifanya mara elfu. Nilisimama! Taa ya dari ndiyo iliyokuwa chini mno.

Mama alifagia vioo. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akaishika bodi pale kwenye kiraka cha zamani. Akasema baba hakuwahi kusikitika kwamba sikuingia majini. Alisema kila akigeuka huko mbali alikuwa akiona kitu kimoja tu kisichosogea ufukweni, mtoto na viatu, na kwa hicho alijua njia ya kurudi ni ipi.

Nilimwambia mama aniletee plasta ya kichwa.

Jumamosi, 11 Mei

Ninaandika nikiwa kitandani kwa mama, nimefunikwa mablanketi matatu. Mkono unauma. Moyo hauumi.

Tulifika saa moja. Mawimbi yalikuwa makubwa. Nisiseme makubwa, niseme yalionekana makubwa. Yalisimama, yakajikunja, yakaanguka kwenye fungu la mchanga mbele ya vyoo kwa kishindo kilichotikisa chai ya watu. Yale yale! Nilirudi kuwa na miaka tisa hapo hapo. Kamati ikasogeza mashindano ya watoto upande wa pili, kwa sababu mdogo wangu aliwaonya tangu juzi. Fundi Gundi akasoma bahasha kwa sauti. Sita. Tatu. Watu wakatazama bahari, wakanitazama, wakatazama viatu vyao.

Nikasema tusubiri. Nikasema hata mizani hutulia kabla ya kusomwa. Kisha, kwa kuwa jina langu liliitwa, nikavua kandambili, nikampa mama, nikaingia.

Sikupita mawimbi kwa ustadi. Pembeni mwa fungu kuna mkondo unaotoka kwenda nje, nikaingia humo kwa bahati mbaya, ukanibeba kama mzigo wa posta hadi nyuma kabisa. Ghafla kukawa kimya. Nikakaa juu ya bodi ya baba, miguu inaning'inia, nikageuka kutazama ufukwe.

Mawimbi yalinipita chini, yakaniinua taratibu na kunishusha, yakaenda zake. Nikayaona kwa nyuma. Migongo myororo tu. Nikapima kwa jicho la kazi, jicho ambalo halijawahi kukosea kilo ya sukari. Futi tatu! Nikainuka nikapiga kelele: "Ni tatu! Nilisema! Tatu!" Nikaanguka majini, nikapanda tena, nikaendelea kupiga kelele.

Kule mbali mchangani mama alikuwa amekaa na kandambili zangu mapajani. Kitu kimoja tu kisichosogea.

Mdogo wangu akanifikia kwa bodi yake. Akanishika mkono kwanza, kisha akaeleza. Baba na wenzake wote walihesabu wakiwa wamekaa hapa, nyuma. Kwa nyuma wimbi linaonekana nusu ya lilivyo kwa mbele. Kila mtu wa bodi anajua hilo, akisoma tatu ubaoni anaingia akijua atakutana na sita. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu anayesoma ubao halafu anabaki mchangani.

Nikamwuliza, kwa hiyo nilipokuwa na miaka tisa, yale niliyoyaona mimi nikiwa mbele? Akasema sita, kaka. Mengine saba.

Nililia pale nje, ambako maji ya chumvi hayahitaji kisingizio. Nilikuwa nikisoma tatu ubaoni, nikiona milima, nikaamini kasoro iko kwangu. Kumbe nilipima sawasawa. Nilikuwa mkaguzi tangu utotoni!

Alinirudisha akinivuta kwa kamba ya bodi. Mkono niliumia nchi kavu, nilipojikwaa kwenye kandambili nikimkimbilia mama.

Jumapili, 12 Mei

Chaki kapewa mdogo wangu, kwa haki. Tulikusanyika karakana. Alishika kitambaa chenye maji, akasimama mbele ya hati ya baba, akashindwa. Nahodha, aliyetoa watu wazima kwenye mikondo! Akanipa kitambaa. Akasema mlinzi ni wewe.

Nilifuta futi, nikafuta sekunde, nikafuta upepo. Nikaacha "Twendeni". Hakuna aliyepinga. Tukautoa ubao nje, yeye akaandika juu yake: Futi 4. Nami nikaomba chaki nikaongeza pembeni: kwa nyuma, 2, kipimo cha wazee. Kamati ikajadili. Wamekubali safu yangu ibaki, kwa sharti moja: kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu niwe nimekaa kule nyuma na fulana ya kuelea, nipime kwa macho, kama baba. Nikaapa. Nilipeana mikono na kila mtu.

Nimerudi nyumbani kwa mama nikafikiri kwa utulivu. Maji yale ni baridi sana. Na kwa nini nilowe? Mdogo wangu anaandika namba ya mbele, mimi naigawa kwa mbili, basi! Nani atajua? Nimeshaandaa safu ya wiki nzima hadi Jumapili ijayo: mbili, mbili, tatu, mbili, moja na nusu, tatu, tatu. Bahari ikileta namba nyingine itakuwa imekosea, na nina lakiri ya kuthibitisha.

Mama ameniuliza kama kesho aje kulinda kandambili. Nimemwambia hakuna haja, siingii. Ameziweka mlangoni, ameziegemeza kwenye bodi, na kuweka saa ya kuku ilie saa kumi na mbili kamili.