Mashine Iliyoitika Marahaba

Kampuni ya Bosi Mtandao ilizaliwa sebuleni kwa shangazi yake. Alikwenda kuomba chai, akakuta foleni ya majirani wanaotaka ushauri: huyu kagombana na mumewe, yule mpangaji wake hataki kuhama. Shangazi, matroni mstaafu wa bweni, aliwahudumia mmoja mmoja huku akikunja nguo, na wote wakaondoka wameridhika. Bosi Mtandao hakuona majirani. Aliona soko.

Muda si mrefu akawa na ofisi, suti ya buluu na mashine iitwayo Mshauri, inayojibu swali lolote kwa ujumbe wa simu. Nyuma ya ukuta wa mbao alikaa Shangazi na simu, miwani na birika lake. Aliahidiwa hisa. Wageni waliambiwa ni mfagizi. Na kwa kuwa mwanzilishi wa kampuni hana muda wa salamu, kila asubuhi Bosi alimpita simu ikiwa sikioni, hata ikiwa imeisha chaji.

Ndipo akaja Tajiri wa Saruji, anataka kununua nusu ya kampuni. Bosi akamkabidhi simu.

"Iulize chochote, mzee."

Tajiri akaandika kwamba mkewe kamnunia.

"Umemfanyia nini?" mashine ikajibu.

"Khaa! Inauliza!"

"Tumeifunza," akasema Bosi kwa unyenyekevu mkubwa.

Tajiri akaeleza, akagombezwa, akafurahi sana. Kisha akaona haya, maana alilelewa vizuri, na alikuwa ameanza maswali bila salamu. Akaandika: Shikamoo.

Mashine nyingine ingepotezea. Lakini matroni akiamkiwa, hajizuii.

"Marahaba, mwanangu. Usisahau mwavuli wako hapo mlangoni."

Tajiri akatazama mwavuli. Akatazama ukuta, uliokuwa na kitundu usawa wa jicho.

"Hiyo ni setelaiti," Bosi akasema, jasho likimtoka.

"Setelaiti nzuri. Kesho nitakuja kusaini."

Kesho yake Bosi alifika amenyoa, kalamu mpya mfukoni. Nyuma ya ukuta hakukuwa na mtu, wala miwani, wala birika. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la saruji, mafundi walikuwa wanapandisha bango: MUULIZE SHANGAZI. MTU, SI MASHINE.

Bosi akaandika: "Shangazi, umeniacha? Kampuni ni wewe! Rudi, hisa zako nakupa leo hii."

Jibu halikukawia. Shangazi hajawahi kumchelewesha mteja.

"Salamu kwanza. Halafu panga foleni, kuna watu mbele yako."