Gari Lenye Midomo Miwili

Daktari alikuwa ameegemea mashine ya upepo kwenye kituo cha mafuta, akifanya kazi yake ya kila asubuhi, yaani kutafuta mtu wa kumlipia chai, alipomwona mwanamume mnene akigombana na gari jipya. Tuelewane mapema: udaktari wake hakuusomea popote. Aliitwa hivyo kwa sababu hapakuwa na shida ya mtu ambayo hakuitolea dawa, na hapakuwa na dawa yake iliyowahi kumponya mtu zaidi ya yeye mwenyewe.

Gari lilikuwa la aina ile mpya, linalokula mafuta na umeme pia. Ukitaka unalijaza petroli, ukitaka unalichomeka ukutani kama simu. Ubavu wa kulia lina kifuniko cha kuchajia, ubavu wa kushoto kifuniko cha mafuta. Yule mnene alikuwa amekwisha kufungua cha kuchajia, na sasa alikuwa anamlazimisha dada wa pampu aingize bomba la petroli mle.

"Baba, hapa ni pa umeme," dada wa pampu alisema. "Nikimimina hapa, jioni tutaonekana kwenye taarifa ya habari."

"Basi fungua kile kingine!"

"Hakifunguki. Nimekivuta mpaka kucha imekatika."

Daktari akatabasamu. Juzijuzi alikaa na waosha magari akawasikia wakilizungumzia gari la namna hii. Kifuniko cha mafuta hakivutwi. Ndani, chini ya usukani, kuna kitufe. Ukikibonyeza, tanki linashusha pumzi kwanza, unasubiri kidogo, halafu kifuniko kinafunguka chenyewe. Hiyo ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo, lakini kwa watu wa fani yake elimu kiasi hicho ni shahada.

"Shikamoo mzee," alisema, akivua kofia. "Usilivute, tafadhali. Unalitia hofu."

"Nalitia nini?"

"Hofu. Gari lenye midomo miwili ni kama mapacha. Ukimlisha mmoja, mwenzake ananuna."

Akaingiza mkono dirishani kana kwamba anapapasa kiti, akabonyeza kitufe, kisha akazunguka, akakiwekea kifuniko kiganja na kufumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Waliokuwepo walidhani anaomba, kumbe anahesabu. Mwanamke aliyekaa kiti cha mbele aliutazama ule mkono ukiingia na kutoka, akamtazama mwenye mkono, akaendelea kumenya chungwa lake. Ndani ya gari kitu kikapumua, fyuuu, na kifuniko kikajifungua.

"Umefanyaje?" mnene aliuliza.

"Nimeongea nalo."

Mnene alikuwa mfanyabiashara wa magodoro, na mji mzima ulimwita Magodoro. Alilinunua gari hili ili abane matumizi. "Sasa linataka petroli na linataka umeme!" alilalamika. "Nimenunua gari au nimezaa?"

Daktari alishawahi kukutana na mabahili, lakini huyu alikuwa wa daraja la kwanza. Akashusha sauti. "Mzee, wengi hawajui. Likizoeshwa vizuri, mdomo huu unaulisha mdomo ule. Ukitembea kwa mafuta linatengeneza umeme, si ndiyo? Sasa ukitembea kwa umeme..." Hakumalizia.

"Linatengeneza mafuta?" Magodoro alimalizia mwenyewe, macho yamemtoka pima.

"Mimi sijasema. Wewe ndiye umesema, kwa sababu una akili."

Mtu akishajidanganya mwenyewe, tapeli anabaki na kazi ya kuitikia tu. Wakakubaliana kwamba gari likae kwa Daktari wiki nzima likizoeshwa vifuniko vyake, ada mwishoni. Ila Magodoro hakuwa mjinga kiasi cha kuachia ufunguo. "Ufunguo atakaa nao mke wangu," alisema, akionyesha kiti cha mbele. "Linakokwenda gari, naye yumo."

Ada yenyewe Daktari hakuitaka. Alilitaka gari. Alikuwa analala kwenye stoo ya vitunguu ya dada yake, na shemeji alikwisha kumpa mpaka Jumamosi awe ameondoka, kwa sababu mzigo mpya unaingia, na kati ya mgeni na vitunguu, vitunguu vinauzika. Mjini hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumwamini. Gari hili angelipeleka mji mwingine, ambako hajaumiza mtu bado, akaliuze, aanze maisha. Hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Usiku alilala kati ya magunia akijifuta machozi, na safari hii si yote yalikuwa ya vitunguu.

Kwa hiyo akaanza kumzoesha yule mama kabla ya kulizoesha gari. Alimpa jina la Mama Kimya. Usiku gari lililala kwenye ua wa stoo na mama alirudi kwake; kila asubuhi Daktari alimkuta amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, ufunguo ndani ya mkoba.

"Fundi, mimi mtu wa nyumbani, sijui kitu," mama aliuliza siku ya kwanza. "Hiki nakivuta au nakibonyeza?"

Daktari akamfundisha. Alimfundisha kitufe na kusubiri. Alimfundisha kwamba kifuniko cha umeme unakisukuma kwa kidole, kwamba gari likiwa limechomekwa haliendi hata ulilie, na kwamba waya ukikwama hung'ang'anii, unafungua milango kwa ufunguo nao unajiachia. Mama aliitikia kila jambo kwa "aaa, kumbe," na Daktari, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupata mwanafunzi, akajisikia profesa.

"Sasa kama kifuniko kiko kushoto na pampu iko kulia," mama aliuliza, "nitalisogezaje?"

Akamfundisha kuendesha pia. Katikati ya wiki mama alilirudisha gari kinyumenyume ndani ya ua wa dada yake Daktari, kati ya magunia, bila kugusa hata moja.

"Mama, una kipaji!" Daktari alisema, asijiulize kipaji hicho kilikuwa wapi siku zote.

Siku moja, wakisubiri tanki lipumue, mama alizungumza bila kuulizwa. "Mume wangu anauza magodoro, na sisi tunalalia lenye nailoni. Akitokea mteja, linarudi dukani. Nikigeuka usiku, majirani wanajua." Daktari alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka.

Alhamisi Daktari akatupa ndoano. "Mama, kesho ndiyo mwisho. Usiku wa mwisho ufunguo lazima ulale kwa mtaalamu, midomo ipatane kabisa."

"Nitakupa," mama alisema. "Ila kwanza nipe mtihani."

Ijumaa asubuhi wakasimama kwenye kituo kilekile. Pale unalipa kwanza, ndani, dirishani. "Pochi ya hela nimeisahau," mama alisema. "Nenda ukalipie tanki lijae, nitakurudishia. Mimi nifungue mwenyewe. Msimamizi wa mtihani si hukaa mbali?"

Daktari akalipa, na hakuona uchungu sana, maana kulipia petroli ya gari utakaloiba si hasara bali ni mtaji. Kwenye foleni ya kusubiri chenji alimwona mama kupitia kioo. Alibonyeza. Akasubiri. Kifuniko kikafunguka, tanki likajazwa, akakifunga kwa kiganja. Daktari alimwonyesha dole gumba. Mama naye akamwonyesha lake.

Sasa, gari lile likitembea kwa umeme halina mlio. Daktari alipokea chenji, akaihesabu, akageuka, na pale pampuni palikuwa peupe. Alidhani mama amesogea kuwapisha wengine. Alidhani hivyo kwa muda mrefu kidogo.

Adhuhuri Magodoro akafika pale kituoni kwa miguu, maana nauli ni pesa. "Liko wapi gari langu linalotengeneza mafuta?"

Daktari akamweleza, akiongeza machozi na kupunguza makosa yake. "Twende polisi, mzee!"

Magodoro akajishusha kwenye ukingo wa saruji, akashika kichwa. "Tukaseme nini? Kadi ya gari ina jina lake. Tuliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake, na mimi ndiye niliyesema liandikwe jina lake, watu wa kodi wasinifuate." Akainua uso. "Ameacha ujumbe?"

"Ameacha risiti ya petroli."

Simu ya Daktari ikaita. Alisogea kando, nyuma ya mashine ya upepo.

"Fundi," sauti ya mama ilikuwa inatetemeka. "Nisamehe. Niko kituo cha mwisho, barabara ya kaskazini. Nimelichomeka, sasa waya hautoki na gari haliendi. Nilikosea wapi?"

Moyo wa Daktari ukaruka. Kufungua milango tu! Kosa la kusahau somo moja! "Usiguse kitu, mama!" alinong'ona kwa ukali. "Ukiuvuta utalipuka. Kaa hapohapo, nakuja."

Alimwambia Magodoro anakwenda msalani, akatokea upande wa pili wa ukuta, akapanda basi la kwanza. Alikata tiketi ya kwenda tu. Ya kurudi ya nini, mtu anarudi na gari lake? Njia nzima alipanga bei.

Kituo cha mwisho kilikuwa na pampu mbili, benchi moja na dada mmoja anayekula karanga. Gari halikuwepo. Daktari akazunguka nyuma, akachungulia hadi chooni.

"Kuchajia? Hapa hata soketi ya feni imekufa," dada alisema. "Wanachajia huko barabara ya kusini."

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, akasikiliza yule mwanamke wa mtandao akimwambia hivyohivyo kwa upole. Miaka yote alikuwa amekula kwa ujinga wa watu, na hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kumpikia ujinga makusudi, akampakulia, akamwacha ale mwenyewe. Mwerevu hajinyoi, wanasema. Yeye alikuwa ameshika wembe na kioo.

Gari la aina ileile likaingia. Babu mmoja akateremka, akaanza kukichokonoa kifuniko cha mafuta.

"Usivute, babu," dada alipaza sauti bila kuinuka. "Bonyeza kitufe chini ya usukani, usubiri." Kikafunguka. Babu akashukuru, akajaziwa, akaenda zake.

Daktari alimtazama yule dada kama mtu anayeona duka lake likiungua. "Dada, maneno hayo unayatoa bure?"

"Nimuuzie nani? Siku hizi kila mtu anayajua." Alimkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe kaka, ulifuata nini hasa huku?"

Jua lilikuwa linashuka, na mfukoni hakuwa na nauli hata ya kufika nusu ya njia. Daktari akafungua mdomo, na kwa uchovu, au kwa uchungu, kikatoka kitu ambacho hakikuwahi kutoka humo. Kilikuwa ukweli.

"Nimetapeliwa, dada yangu. Mama mmoja mpole kanitapeli gari. Sina hata nauli ya kurudi."

Dada akatupa maganda ya karanga, akajipangusa mikono.

"Wote wanaokwama hapa husema hivyohivyo," alisema. "Tafuta uongo mwingine."