Fahali wa Bei ya Serikali

Leo fahali wangu amenikana mbele ya mnada mzima wa Kasulo. Amenikana kwa miguu yote minne, nami nikiwa nimening'inia kwenye kamba.

Nianze mwanzo. Wakimbizi walipovuka mpaka wa Rusumo na mifugo yao, bei ya ng'ombe ilianguka. Kambini hakuna malisho, kwa hiyo mtu anauza kwa chochote anachopewa. Wafugaji wa hapa wakalia, serikali ikasikia: ng'ombe aliyefugwa na mwenyeji atanunuliwa kwa bei ya serikali, juu sana kuliko ile ya kambini. Tangu siku hiyo Ngara imejaa wafugaji. Hata fundi baiskeli wa Mugoma ni mfugaji.

(Mimi ndiye fundi baiskeli wa Mugoma.)

Wiki iliyopita niliuza baiskeli yangu, nikaenda kambini, nikanunua fahali mwekundu kwa mkimbizi mmoja, Mzee Mathayo. Mzee alichelewa kuachia kamba. Alitaka kwanza anieleze fahali anaitwaje, na anavyopenda kusemeshwa jioni. Mimi nilikuwa na haraka.

"Mzee, nyama haina jina," nikamwambia. (Nilijiona mjanja.)

Leo nimefika mnadani na fimbo mpya na kofia ya kuazima, mfugaji kamili. Kumbe bwana mifugo ameshatushtukia. Hakuangalia meno wala kwato. Kila muuzaji alitakiwa asimame ng'ambo ya uwanja, amwite ng'ombe wake. Aliyenitangulia alitaja jina mara moja tu, ng'ombe akamfuata kama mtoto anayeitwa kula.

Zamu yangu ikafika. Nikaita, "Bahati." Fahali anacheua. Nikaita, "Simba." Anacheua. Nikaita, "Mwenyekiti." Hapo watu wakaanza kucheka. Nikarudi, nikajizungushia kamba mkononi, ili nikimvuta ionekane ananifuata.

Sasa, Mzee Mathayo alikuwa kando ya uzio akiuza kuni. Mama mmoja akampa shikamoo.

"Marahaba, mama," akaitikia.

Basi, ni sauti hiyo tu. Fahali akasimamisha masikio, akaondoka. Nami nikaondoka naye, kwa tumbo, kupitia samadi ya wilaya nzima, mpaka miguuni kwa mzee. Fahali akawa anamlamba mkono. Mimi niko chini, kofia sijui iko wapi.

"Shikamoo," nikasema. (Ningesema nini kingine?)

Bwana mifugo akaja polepole, akatutazama wote watatu. "Mfugaji ni nani hapa?"

Mzee akasema ukweli: alimfuga, lakini ameshamuuza, ni wangu. Bwana mifugo akasema mkimbizi hastahili bei ya serikali, na mimi sikufuga. Kwa hiyo ng'ombe yupo, bei ipo, mfugaji ndiye hajapatikana. Fahali amefungwa nyuma ya ofisi mpaka wilayani waseme anayemfuga ng'ombe ni nani.

Jioni hii bado hawajasema. Fahali hali ila kwa mkono wa mzee. Nyasi nakata mimi. Nimemnyenyekea mzee anitajie jina tu, kesho nijaribu kuita tena, maana baiskeli yangu ndiyo imesimama pale inacheua.

Mzee amempapasa fahali shingo bila kunitazama.

"Nyama haina jina, mwanangu."