Maoni Yangu Juu ya Vitabu Nisivyovisoma

Jumatatu, 3 Machi

Maktaba imetangaza jambo. Jumamosi atateuliwa msomaji mmoja wa kuchagua vitabu vipya, na jina lake litabandikwa mlangoni. Mkutubi atapima maoni tunayoandika kwenye karatasi zilizogundishwa ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu. Nafasi hiyo ni yangu! Miaka kumi na minne nachonga funguo, na mama mkwe, aliyekuja kwetu kuuguza goti, bado ananitazama kama fundi aliyekosea nyumba. Akisikia jina langu liko mlangoni, ataniona mtu.

Nimeazima vitabu vitatu. Muda wa kuvisoma sina. Nimetazama majalada, nikaandika maoni kwa kalamu ya buluu kabla chai haijapoa. Nimeviacha sebuleni.

Jumanne, 4 Machi

Nimevirudisha jioni bila hata kuvifungua. Mkutubi akaniuliza kipi kilinigusa zaidi. Nikamwambia vyote, kwa namna tofauti. Akanitazama kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepitia maktaba kuyafurahia maoni yangu. Balaa. Chini ya kila moja kuna mtu kaandika kwa penseli ya kijani.

Kitabu cha kufuga bata. Mimi: mwandishi ana uchungu mkubwa wa dunia. Kijani: uchungu uko wapi hapa? Sura ya mayai ni nzuri, imeandikwa na mtu aliyewahi kudonolewa.

Riwaya ya upelelezi. Mimi: muuaji nilimjua mapema. Kijani: hakuna aliyeuawa, iliibwa saa.

Mashairi. Mimi: yanasomeka harakaharaka. Kijani: ndiyo maana hukuyaona. Lile la mjane nimelisoma mara tatu, nikaweka kitabu chini nikalia.

Ni nani huyu? Anasoma bata na mashairi kwa moyo uleule. Nimemshuku mstaafu mmoja mwenye kofia. Nimekaa mbele yake saa nzima nikivizia penseli yake. Alipoitoa, akajikunia sikio. Nyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima kitabu cha kuchimba visima. Nimeandika kwamba kina kina. Nimekiacha sebuleni, kesho nitakirudisha na kujificha nyuma ya kabati la magazeti. Mwenye kijani nitamtia mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekifungua jioni kabla ya kutoka. Kijani imeshafika! Inasema: maji yanaanza ukurasa wa tisini, wewe umeishia kwenye mchanga.

Kitabu hakijatoka nyumbani. Nikakaa chini kwanza. Si mimi. Si mke wangu, yeye mchana yuko kazini. Anayebaki sebuleni mchana kutwa, goti juu ya mto, ni mmoja.

Nitamuulizaje? Mbele ya mama mkwe hata kukohoa naomba ruhusa. Kumbe wiki nzima anajua mimi ni mtupu. Nimetoka kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umejaa. Mkutubi akasoma maoni ya kijani kwa sauti, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kwenye lile la mjane yule mstaafu akavua kofia. Akasema aliyeteuliwa ni mwenye penseli hiyo, yeyote yule, asimame.

Hakuna aliyesimama. Basi nikasimama mimi.

Wakanipigia makofi. Mkutubi akauliza kama namjua yule wa kalamu ya buluu. Nikasema simjui, ila ni mtu wa hovyo, asiazimishwe kitabu tena. Akaandika hivyo kwenye daftari. Kisha akaniagiza nilete orodha ya vitabu kumi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alikuwa ukumbini, safu ya nyuma. Sikumwona. Kasikia yote, kaja kumweleza mama yake.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kamtuma binti yake aniletee karatasi: vitabu kumi, kwa kijani. Na maneno: hicho kiti nikikalie mimi, ngazi za maktaba goti lake haliziwezi. Ila nisome kimoja tu kati ya hivyo, Jumapili ijayo tuketi tukizungumze, maana mchana nyumba hii ni kimya mno, na yeye alikuwa anaandika akitumaini siku moja nitamjibu.

Nimeona haya mpaka masikio yamepata moto. Nimefurahi pia. Nikamwitikia mwenyewe, bila kumpitia mke wangu, kwamba nitasoma neno kwa neno. Akatabasamu. Ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekipata cha kwanza kwenye orodha. Kurasa mia saba na kumi na mbili. Ukoo mzima wa wachimba chumvi, na wote wanasemeshana.

Nimempa mke wangu akisome, kisha anisimulie kwa ufupi Jumamosi. Mama hatajua. Nilidhani atabisha, lakini kakubali papo hapo, kakichukua na kwenda nacho jikoni kwa mama yake. Nawasikia wanacheka. Mambo yao ya kike hayo. Mpango wangu safari hii hauna tundu.